SAFU YA KOMPYUTA: Anayeingia Kutoka Mbali Ana Ufunguo Gani?

Mwezi huu tunajibu swali la vijana wa darasa la kompyuta: fundi aliyeko Bujumbura anawezaje kutengeneza kompyuta iliyoko huku Nyanza-Lac, zaidi ya kilomita 100, bila kupanda gari?

Anapitia intaneti. Kwenye mashine yake anaandika jina na neno la siri la mashine ya huku, basi anaitumia kama vile amekaa mbele yake. Lakini kuna kuingia na kuingia. Mtumiaji wa kawaida ni kama mpangaji, ana chumba chake tu. Msimamizi ndiye mwenye nyumba: anafungua vyumba vyote, anafuta makaratasi, anabadilisha hata kufuli. Kwenye Windows anaitwa Administrator, kwenye Linux anaitwa root.

Zamani neno la siri lilipita njiani waziwazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, kwenye chuo kikuu kimoja cha Finland, wezi waliyanasa maneno ya siri mtandaoni. Ndipo Tatu Ylönen akaandika programu ya SSH, ambayo inageuza kila kitu kuwa fumbo njia nzima. Inakubali pia ufunguo badala ya neno la siri: kufuli unaiacha kwenye mashine ya mbali, ufunguo unabaki kwako, hausafiri.

Sasa sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana, maana hata simu inaingiliwa hivyo hivyo. Mtu anapiga, eti yuko ofisini, faili yako ya kuhamia nchi ya tatu imekwama, weka programu fulani halafu umsomee namba inayotokea. Ukimsomea na kubonyeza kukubali, umempa nyumba. Anaona ujumbe wako, na namba ya siri ya pesa unapoiandika. Kumbukeni, huduma za UNHCR ni za bure.

Kama umeshampa, usione haya. Zima intaneti, ondoa programu ile, badilisha namba ya siri ya pesa. Na kwenye kompyuta yetu, kazi za kila siku tutumie jina la kawaida. Fundi akimaliza, tubadilishe neno la siri siku hiyo hiyo.