Dar-Casablanca ni kilomita 6,650, timu zinasafiri 10,000

UKIPIMA kwenye ramani, Dar es Salaam hadi Casablanca ni takribani kilomita 6,650. Ndege inayonyoosha moja kwa moja ingetumia kama saa nane na ushee. Shida ni kwamba ndege ya abiria ya namna hiyo haipo.

Ndiyo maana timu ya Tanzania ikipangwa na Wydad au Raja, mara nyingi inaanza safari ya magharibi kwa kwenda mashariki. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, kisha Dubai hadi Casablanca zaidi ya 6,000. Hapo mchezaji amekaa angani kama saa 14, bado hujahesabu muda wa kusubiri ndege ya pili, foleni ya pasipoti na basi la kwenda hotelini. Kupitia Istanbul kuna nafuu kidogo, kama kilomita 8,800, lakini usingizi ni wa kwenye kiti vilevile.

Wapo wanaolaumu tofauti ya saa. Hapana. Morocco iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili tu, tatu wakati wa Ramadhani. Mwili unazoea haraka. Kinacholiwa ni siku ya mazoezi.

Angalia Real Madrid. Septemba 27, 2025 walichapwa 5-2 na Atletico. Siku tatu baadaye walikuwa Almaty, Kazakhstan, kilomita 6,400 kutoka kwao, karibu sawa na Dar-Casablanca. Wakaipiga Kairat 5-0, Mbappe akiondoka na mpira wake. Ni kweli Kairat siyo Atletico, ila Madrid walipanda ndege yao Hispania wakashukia Almaty, basi.

Simba Aprili 2023 ilikuwa na siku sita kati ya kuifunga Wydad 1-0 Dar na kurudiana Casablanca. Ikafungwa 1-0, ikatoka kwa penalti 4-3. Hakuna anayeweza kusema uchovu ndio uliopiga zile penalti, na Yanga nayo mwaka huohuo ilishinda 1-0 Algiers kwenye fainali. Lakini mechi inapofika kwenye tofauti ndogo kiasi hicho, siku moja ya mapumziko siyo kitu cha kuchezea.

Kukodi ndege ni ghali, hilo halina ubishi. Ila Dreamliner ya ATCL ina viti 262, na msafara wa timu hauzidi sana watu 50. Viti zaidi ya 200 vinabaki, na Simba na Yanga hazina uhaba wa mashabiki wenye pasipoti. Tatizo viti hivyo haviuziki wiki ya mechi. Vinauzwa kuanzia siku droo inapotoka.