Mtoto Mchanga Naye Huumia

Katika kambi nyingi za jeshi na za polisi umezoeleka usemi kwamba kilio cha mtoto mchanga si kitu, kwamba ndivyo mapafu yanavyopata nguvu. Baba husema hivyo, muuguzi husema hivyo, na mama aliyejifungua jana hunyamaza. Sisi hatukubaliani na usemi huo, na twawaomba ndugu zetu askari watusikilize kidogo.

Mabingwa wa tiba nao waliwahi kuamini mambo ya namna hiyo. Hata katikati ya miaka ya 1980, katika hospitali za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli tu, bila dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 Daktari Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa hiyo walipata matatizo machache zaidi baada ya kupasuliwa. Miaka kumi baadaye, huko Kanada, ilionekana kwamba wavulana waliotahiriwa wachanga bila ganzi walilia zaidi walipochanjwa wakiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Mwili ulikuwa umekumbuka.

Upasuaji na kutahiri vyataka dawa, na hapo hatuna mjadala. Tunalosema leo lahusu mambo madogo: chanjo ya BCG, sindano ya vitamini K, kutobolewa kisigino ili damu ipimwe. Kwa hayo dawa kali haifai, kwani hatari yake yaweza kupita faida. Atakiwaye ni mama.

Mwaka 2003 Daktari Carbajal na wenzake wa Ufaransa walitangaza uchunguzi wa watoto 180 waliotolewa damu mshipani. Maumivu yalipimwa kwa alama, kuanzia 0 hadi 10. Walionyonya titi wakati wa sindano walikuwa na alama 1 kwa wastani wa kati. Waliopewa maji ya glukosi na chuchu bandia, alama 3. Waliopewa maji matupu, 10. Na wale waliopakatwa tu na mama zao bila kunyonya? Nao 10. Kwa hiyo kumpakata mtoto aliyefungwa kanga tatu hakutoshi. Anyonye, au alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, njia ambayo uchunguzi wa Boston wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba hupunguza sana kilio mtoto anapotobolewa kisigino.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mtoto apewe titi kwanza, aachwe mpaka anyonye vizuri, ndipo sindano ipigwe, naye aendelee kunyonya baadaye. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba watoto wanyonyeshwe wakati wa kuchanjwa au muda mfupi kabla yake, na kwamba ikiwa sindano ni zaidi ya moja, ile iumayo zaidi iwe ya mwisho. Mama asipokuwapo, muuguzi aweza kumdondoshea mtoto maji ya sukari ulimini dakika mbili hivi kabla ya sindano. Hiyo ni kazi ya hospitali. Nyumbani mtoto wa chini ya miezi sita asipewe ila maziwa ya mama.

Gharama ya haya yote ni kiti na pazia. Hata hivyo, katika zahanati nyingi mama huamriwa amkabidhi mtoto kwa muuguzi na kusimama kando, kama raia kwenye kizuizi cha barabarani. Mama aliyeona mwanawe akipiga mayowe siku ya kwanza huenda akasita kumrudisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo iliyokosekana ni hatari kwa kambi nzima ambako familia hulala ukuta kwa ukuta.

Tungependa wakuu wa vikosi wampe ruhusa askari mwenye mtoto mchanga ili afuatane na mkewe siku ya chanjo. Aende amwambie muuguzi kwa heshima kwamba mama atanyonyesha. Na mama akiwa bado mgonjwa wodini, baba afungue vifungo vya gwanda amlaze mtoto kifuani mwake. Ngozi ya afande nayo ina joto.