Mjumbe wa bodi si mgeni wa heshima

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inajulikana kwa kila mwalimu na kila karani wa halmashauri, na mara nyingi husikika katika mikutano ya hadhara. Ajabu ni kwamba husahauliwa upesi pale inapohitajika zaidi, yaani ndani ya chumba cha mkutano wa bodi, wakati taarifa ya fedha inaposomwa mbio mbio, chai imekwisha kuandaliwa, na mwenyekiti anauliza kama wajumbe wanaipokea. Wajumbe huipokea, ijapokuwa wengi wao hawakuwa wameiona kabla ya siku ile.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo jambo hili si dogo. Mkoa wa Kagera ndio uliopata wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini, mwaka 1983, na yatima walioachwa na maradhi hayo wamezaa vikundi na mashirika mengi ya kuwatunza. Vita vya nchi jirani viliongeza mengine. Kuna pia vituo vya afya na shule za madhehebu ya dini, vyama vya watumiaji maji, na vikundi vya wanawake na vya watu wenye ulemavu. Yote hayo hayatafuti faida. Yanaishi kwa michango, ruzuku na imani ya watu.

Na ni akina nani wanaoombwa kuketi katika bodi zake? Ni mwalimu mkuu, mganga, ofisa maendeleo ya jamii, mtumishi mstaafu, padre, mchungaji na shehe. Wanaombwa kwa sababu wanajua kusoma na kuandika, na zaidi kwa sababu majina yao yanaaminika. Jina la mwalimu mkuu likiwekwa chini ya barua ya maombi ya fedha, huwa ni dhamana. Mwananchi wa Rulenge au wa Nyakahura anayetoa mchango wake hamjui katibu mtendaji, lakini anamjua mwalimu aliyemfundisha mwanawe. Kwa hiyo mjumbe asiyeuliza anaikopesha sifa yake kwa hesabu asiyoijua.

Watu wa Ngara hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mafunzo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Misaada ikamiminika, na mashirika yakaja kutoka pande zote za dunia. Huko Goma, nchini Zaire, mashirika yaliingia kwa kufurika. Ngara idadi yake ilidhibitiwa zaidi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwa kushirikiana na Serikali ya Tanzania, na kazi ikaenda kwa utaratibu ulio bora.

Lakini hata huko Ngara palikuwa na ufa mmoja mkubwa. Mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa komini, yaani wilaya ndogo ambako wakimbizi walitoka. Viongozi hao ndio waliotoa orodha ya watu wao, ndio waliopokea chakula, na ndio waliokigawa. Matokeo yake yalikuwa kama yalivyotazamiwa: hesabu ya watu ilivimbishwa, na ziada ikawa nguvu mikononi mwa watu ambao baadhi yao walishiriki katika mauaji ya kimbari. Mwishoni mwa mwaka huo, tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kujiondoa katika kambi za Zaire na Tanzania, likieleza kwamba misaada ilikuwa inawaimarisha wauaji. Tathmini ya pamoja ya wahisani iliyotolewa mwaka 1996 ilieleza upungufu wa uwajibikaji katika kazi nzima ya misaada, na mwaka uliofuata mashirika ya dunia yakaanza kutunga viwango vya pamoja vya huduma, vinavyojulikana kwa jina la Sphere.

Funzo la Benaco ni fupi: anayegawa asiwe yeye yule anayehesabu. Kosa lile halikuwa la wakimbizi peke yao, wala halikwisha walipoondoka. Linaishi katika kila kikundi ambacho katibu huomba fedha, hupokea fedha, hununua, hutunza stakabadhi, kisha huandika taarifa ya kujisifu mwenyewe. Hata akiwa mtu mwaminifu kupita wote, utaratibu huo ni mbovu, kwa kuwa hauna mahali ambapo kosa linaweza kuonekana na mtu mwingine.

Funzo la pili ni la karibuni zaidi, nalo ni la mkoa huo huo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Wananchi na nchi rafiki walichangia kupitia akaunti iliyotangazwa kwa jina la Kamati Maafa Kagera. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Hapa si mahali pa kumhukumu mtu yeyote. Jambo la kuzingatia ni swali ambalo kila kamati ingepaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: taasisi hii ina akaunti ngapi, katika benki gani, na nani hutia saini? Jibu lisitolewe kwa mdomo. Bodi ina haki ya kuiandikia benki barua na kupata jibu la maandishi.

Wako wanaosema kwamba sheria zipo, na kwamba usimamizi ni kazi ya Serikali. Ni kweli sheria zipo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika kuandaa kila mwaka taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza masharti ya kuweka wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Taasisi zenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa huwajibika kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Lakini Msajili hawezi kuketi katika kila mkutano wa Kabanga, Lusahunga au Nyakanazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria inapoitaka taarifa, inadhani kwamba kuna bodi iliyoisoma kabla ya kuituma.

Wengine hutegemea mfadhili. Mfadhili hukagua fedha zake, za mradi wake, kwa muda wa mkataba wake, kisha huondoka. Hakagui pikipiki iliyobaki, wala kiwanja, wala michango ya wanachama. Wakati wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao mwezi Desemba 1996, mashirika mengi nayo yalifunga mizigo. Anayebaki ni mwananchi, na bodi ndiyo jicho lake.

Uzito wa kazi hiyo huonekana hasa katika hospitali. Kwa miaka mingi hospitali ya Kanisa Anglikana ya Murgwanza, huko Ngara, na hospitali ya Kanisa Katoliki ya Biharamulo zimetumikia wilaya hizo kama hospitali teule. Chini ya mpango wa hospitali teule, kanisa ndilo lenye majengo, Serikali hulipa mishahara na kutoa ruzuku, na wagonjwa huchangia gharama. Hizo ni fedha za njia tatu katika nyumba moja, kila moja ikiwa na masharti yake. Bodi ya hospitali ya namna hiyo ikilala, dawa zikikosekana hakuna atakayejua kama ruzuku imechelewa, kama michango imetumika kwa jambo jingine, au kama ununuzi ulifanywa vibaya. Mgonjwa atajua jambo moja tu, nalo ni kwamba ameambiwa akanunue dawa dukani.

Basi mjumbe wa bodi afanye nini? Hahitaji kuwa mhasibu. Mwalimu anayeweza kusahihisha hesabu za darasa la saba anaweza kusoma taarifa ya fedha ya kikundi. Chukua mfano wa kubuni. Kikundi kilianza robo mwaka kikiwa na shilingi 2,300,000. Kilipokea 9,700,000, jumla ikawa 12,000,000. Kilitumia 10,900,000. Daftari linaonyesha salio la 1,100,000, lakini taarifa ya benki inaonyesha 400,000. Shilingi 700,000 ziko wapi? Haiwezi kuwa ni hundi ambayo haijafikishwa benki, kwa sababu hiyo ingeifanya benki ionyeshe fedha nyingi kuliko daftari. Huenda zimo katika kasha la ofisini. Huenda benki imekata ada ambazo hazijaandikwa. Huenda mtumishi amechukua masurufu ya safari na hajayarejesha. Na huenda zimeibwa. Majibu matatu ya kwanza yana karatasi. La nne halina. Kazi ya mjumbe ni kuiomba karatasi.

Kutokana na hayo yapo mambo machache ambayo kila bodi inaweza kuyaanza bila kungoja semina. Kwanza, taarifa ya fedha iwafikie wajumbe siku saba kabla ya mkutano, ikiwa na taarifa ya benki pamoja nayo, na iandikwe kwa Kiswahili. Pili, hundi isitiwe saini ikiwa tupu, hata kama mwenyekiti anasafiri kwenda Bukoba au Mwanza. Hundi tupu yenye saini ni sawa na funguo za kasha zilizoachwa mlangoni. Tatu, anayeidhinisha malipo asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe anayeandika daftari. Nne, kila mali ya kudumu iandikwe kwa namba, na mara moja kwa mwaka wajumbe wawili waikague kwa macho yao. Tano, mjumbe ambaye ndugu yake au duka lake linahusika na ununuzi aseme mapema, atoke nje wakati wa uamuzi, na jambo hilo liandikwe katika mihtasari. Sita, hesabu za mwaka zibandikwe katika mbao za matangazo. Shule za msingi zimezoeshwa kubandika fedha za ruzuku wanazopokea, na kinachowezekana kwa shule ya kijijini hakiwezi kuwa kigumu kwa shirika lenye ofisi na kompyuta.

Kuna pingamizi moja lenye uzito, nalo ni la heshima. Mara nyingi mwanzilishi wa taasisi ni mzee aliyejitolea mali na nguvu zake. Kumwuliza juu ya stakabadhi huonekana kama kumvunjia adabu. Lakini kuuliza si kutuhumu. Mtunza fedha mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika na maswali, kwa sababu hesabu iliyoulizwa, ikajibiwa na kuandikwa, humkinga siku uvumi utakapozuka sokoni. Anayenyimwa maswali leo kwa jina la heshima huachwa peke yake kesho mbele ya mpelelezi, na wale waliopokea taarifa zake kwa makofi husema hawakujua.

Lipo pia suala la posho. Mjumbe anayelipwa nauli na posho na katibu yule yule anayepaswa kumsimamia huona uzito kufungua kinywa. Kiwango cha posho kiwekwe na mkutano mkuu, kiandikwe katika makisio ya mwaka, na kiwe kile kile kwa aliyeuliza na kwa aliyenyamaza. Ikiwa mtu hana nafasi ya kusoma karatasi, haoni aibu kukataa uteuzi. Kujitolea ni hiari, lakini aliyekwisha kukubali hana hiari ya kuifanya kazi nusu.

Historia ya nchi imekwisha kutoa onyo. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, ikakuta kwamba miongoni mwa mizizi ya matatizo ni wanachama wasio na habari za vyama vyao, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na upungufu wa demokrasia. Wakulima walikuwa na kamati, na kamati zilikuwa na wenyeviti. Kilichokosekana ni wanachama wenye habari na wenye ujasiri wa kuuliza.

Nafasi ya Ngara na Biharamulo katika miaka ijayo itaongeza mtihani huu. Mradi wa nikeli wa Kabanga umefungua matumaini, na tangu marekebisho ya mwaka 2017 sheria ya madini inamtaka mwenye leseni kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuisaidia jamii. Fedha hizo zitatafuta mahali pa kupitia, na vikundi na kamati zitaundwa. Walimu na watumishi wa Serikali wataombwa tena kukopesha majina yao. Wakubali, lakini kwa sharti. Katika mkutano wa kwanza waombe vitu vitatu: katiba, taarifa ya benki na daftari la mali. Bodi itakayovitoa siku hiyo hiyo inastahili imani yao. Itakayoahirisha mara mbili imekwisha kujibu swali.