Usitishwe na Kifungu Kilichozikwa

Mkutano ulikuwa wa kujadili bajeti ya kaunti. Ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, sisi watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Bi mkubwa mmoja, jirani yangu, aliinua mkono akauliza: ile zahanati iliyotengewa pesa mwaka uliopita, iliyosimama kuta hadi leo bila paa, pesa zake ziko wapi? Hakutukana wala hakupaza sauti. Mkononi alikuwa na karatasi aliyosomewa na mjukuu wake, na kiasi alichokitaja ndicho kilichoandikwa pale.

Afisa aliyekuwa mbele akamjibu, "Mama, keti. Tena chunga mdomo wako. Kuna kifungu cha kumfunga mtu anayemvunjia heshima afisa wa serikali."

Bi mkubwa akaketi. Nasi wengine, watu kama arubaini, tukatazama sakafu. Nami nilikuwa miongoni mwao, na kimya kile kimenikaa rohoni mpaka leo. Ndicho kinachonifanya niandike maneno haya kwako, ndugu msomaji, uliye Kilifi au Kwale, Lamu au Taita, Kisumu au Turkana, popote ambapo Mkenya ameambiwa aketi.

Kifungu kile nilikwenda kukitafuta. Nikakikuta kaburini.

Kipo katika Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyorithi kwa Mwingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1930. Ni kifungu cha 132. Kilisema kwamba mtu akitamka au kuchapisha maneno yenye kusudi la kudunisha mamlaka ya afisa wa umma, au kuwachochea watu wasiyatii, amefanya kosa na anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Kilichoniuma zaidi ni mzigo wa ushahidi. Kwa kawaida serikali ndiyo huthibitisha kwamba umekosa. Hapa ni wewe uliyetakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu halali ya kusema uliyoyasema.

Mwishoni mwa mwaka 2014 Robert Alai, mwanablogu anayejulikana sana, alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa sababu ya maneno aliyoandika kumhusu Rais wa wakati huo. Naye akakipeleka chenyewe Mahakama Kuu. Tarehe 26 Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba kifungu cha 132 kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2022 Alai huyohuyo alichaguliwa mwakilishi wa wadi ya Kileleshwa, Nairobi. Sasa naye ni wa kuulizwa maswali na wapiga kura wake, na sheria ya kuwatisha hanayo.

Wala si kifungu hicho pekee. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwakamata watu kwa "matumizi mabaya" ya simu na mitandao. Aliyekwenda mahakamani alikuwa kijana aliyeshtakiwa kwa maneno aliyoandika Facebook. Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo naye akafuta kifungu cha 194, kilichofanya kumchafulia mtu jina kuwa kosa la jinai. Katika mwaka mmoja na siku chache, silaha tatu za kunyamazishia watu zilitupwa. Na waliozitupisha ni raia waliokataa kuketi.

Mbona basi afisa wetu, miaka yote hii baadaye, bado anatishia watu kwa kifungu kilichozikwa? Nadhani ni kwa sababu hukumu zile ziliandikwa Nairobi, kwa Kiingereza, na hakuna aliyekuja kutusomea barazani. Tangazo la kukatwa maji hutufikia kwa spika juu ya gari. Habari ya kwamba umefunguliwa mdomo haikuletwa na gari lolote. Pengine afisa mwenyewe hajui. Pengine anajua.

Woga wetu nao una mizizi. Wazee waliotulea waliishi chini ya sheria iliyompa chifu madaraka makubwa mno juu ya maisha ya watu wa eneo lake: kazi zao, mikutano yao, hata mienendo yao. Sheria hiyo ilipunguzwa makali mwaka 1997 tu, baada ya vyama kukubaliana kufanya mabadiliko kabla ya uchaguzi. Aliyezaliwa miaka ya hamsini aliambiwa maisha yake yote kwamba mkubwa haulizwi. Ndiyo maana simlaumu hata kidogo bi mkubwa kwa kuketi. Najilaumu mimi, niliyesoma, kwa kutosimama.

Tuseme basi lililo hai. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inaanza kwa kusema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 33 inakupa uhuru wa kujieleza, ya 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ya 37 haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko, ya 38 haki ya kupiga kura na kugombea. Nimezipanga hivyo makusudi, kwa kuwa zinashikana mikono. Kura unayoipiga bila kujua pesa za zahanati zilikwenda wapi ni kura ya kubahatisha. Na sauti isiyokuwa na kura nyuma yake, mwakilishi wa wadi huisikiliza akiangalia saa.

Lakini nisikudanganye. Uhuru huu una mipaka, na Katiba yenyewe imeitaja: kuchochea vita, kuchochea ghasia na kueneza chuki ni haramu. Aliyechafuliwa jina kwa uongo bado anaweza kukudai fidia mahakamani. Mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria nyingine ya makosa ya kompyuta, na mabishano kuhusu vifungu vyake yamefika mahakamani. Kwa hivyo fanya kama alivyofanya jirani yangu. Shika karatasi. Taja kiasi kilichoandikwa, taja mwaka, uliza. Usimwite mtu mwizi kama hujamwona akiiba. Muulize pesa ziko wapi. Swali la namna hiyo ni gumu kulishtaki, na kulijibu kwa porojo ni vigumu zaidi.

Na usipojibiwa, andika. Hapa ndipo nataka unisikilize sana, maana ni njia ambayo wengi wetu hatuijui. Ipo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma ukaomba nakala ya mkataba, hesabu ya malipo, au jina la mkandarasi. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inakitaja. Haki yako haitegemei sababu unayoitoa. Maombi hayalipiwi, ila unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Kwa asiyeweza kuandika, sheria inamtaka afisa amwandikie ombi lake. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na likiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Barua moja, nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Muhuri huo utunze kama unavyotunza hati ya shamba.

Mkiwa wengi, pelekeni ombi kwenye bunge la kaunti. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki hiyo. Halihitaji wakili.

Najua swali lililo moyoni mwako: na nikikamatwa je? Ibara ya 49 inasema uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Lazima ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Sisemi kwamba polisi hufuata hayo siku zote. Sote tumeona mambo. Nasema uyajue na uwafundishe wa nyumbani kwako, ili siku hiyo mwanao afike kituoni akijua la kuuliza.

Sasa kura. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2022 tulijiandikisha watu milioni 22.1, na zaidi ya milioni saba hawakufika kituoni. Urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 233,000. Nayafahamu maneno ya vibarazani, kwamba kura haibadilishi kitu, na siwezi kumbeza anayeyasema, kwa maana ameahidiwa barabara ileile mara nne. Lakini nikitazama wadi yetu naona kwamba mtu mmoja akiwaamsha jamaa zake na majirani wa uchochoro mmoja, mgombea atamtafuta mwenyewe. Kama umehama, hamisha na usajili wako. Kama mwanao ametimiza miaka 18, mpeleke akachukue kitambulisho sasa, kisha mwende pamoja ofisi ya tume ya uchaguzi (IEBC) ya eneo bunge lenu, msingoje foleni ya siku za mwisho. Na siku yenyewe kura zikishahesabiwa, matokeo ya urais ya kila kituo huandikwa kwenye Fomu 34A na kubandikwa mlangoni. Ipige picha. Hakuna anayekukataza kusoma mlango.

Kila ninapohisi tumechoka, nawakumbuka Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wengi wakitokea Msumbiji. Watoto wakazaliwa hapa, na wajukuu, bila kitambulisho. Bila kitambulisho huna kadi ya kura, huna akaunti ya benki, na ukikutana na polisi njiani huna la kuonyesha. Oktoba 2016 wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wanaume kwa wanawake, kumdai Rais uraia wao. Hao ndio waliokuwa na kila sababu ya kujificha, kwa sababu mbele ya sheria walikuwa si watu wa hapa. Wakatembea mchana, barabarani, mbele ya kila mtu. Mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa pwani yetu nao wakatambuliwa. Wewe na mimi kitambulisho kimo mfukoni tangu tulipokuwa vijana.

Wiki mbili baada ya ule mkutano nilikwenda kwa bi mkubwa, nikamsimulia habari ya kifungu cha 132. Alinisikiliza akichambua mchicha. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mwanangu, yule alinitisha kwa sheria ya maiti?" Nikamwambia ndivyo. Akaniagiza nimtafutie karatasi na kalamu.

Barua tuliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na nakala yake yenye muhuri imo ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro lake. Mkutano mwingine wa bajeti utaitishwa darasani palepale. Amesema ataketi dawati la mbele. Mimi nitakuwa kando yake, na safari hii nitasimama. Mkutano wa wadi yenu ukitangazwa, nenda, na mwambie jirani yako muende wote.