Acheni Tuzirudie Nguo

Juzi nilifungua kabati kutafuta blauzi, nikaangukiwa na harusi za watu. Kijani ya send-off ya binti wa jirani, zambarau ya kamati, na ile yenye mabawa mabegani ambayo fundi alinikabidhi saa kumi jioni ikiwa bado na alama za chaki. Nilizihesabu: kumi na moja. Kila moja imevaliwa usiku mmoja. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemlalamikia mume wangu kwamba sina nguo.

Zote zimeletwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini Dar es Salaam inatiiwa kuliko sheria za barabarani (ambazo nazo, tuseme kweli, hatuzitii sana): mwanamke anayejiheshimu harudii nguo ukumbini. Thubutu kurudia, utasikia meza ya pili, "Hiyo si ndiyo ile ya kwenye kitchen party?" Swali linaulizwa kwa tabasamu, na linachoma.

Mimi naikataa sheria hiyo. Ijumaa mchana simama nje ya msikiti wowote Kariakoo, utazame kanzu nyeupe zinavyopita. Umewahi kusikia mzee akiulizwa kama hii ndiyo aliyoivaa wiki iliyopita? Kanzu hiyohiyo itakwenda kwenye nikahi, mazikoni na Idi, na watu watatazama tu kama imefuliwa na kupigwa pasi. Bwana mwenye suti nyeusi naye huirudia miaka kumi, akasifiwa kwamba ana suti nzuri. Basi aibu hii ilikatwa kwa vipimo vya mwanamke peke yake.

Wala bibi zetu hawakuijua. Doti moja ya kanga ni vipande viwili: kimoja kiunoni, cha pili kichwani au mabegani, na hicho cha pili ndicho kilichobeba mtoto, kikaenda msibani, usiku kikawa shuka. Kanga ilitaka kurudiwa. Ukinunua yenye jina la kumsema jirani, ukaivaa mara moja kisha ukaificha, jirani atajuaje kwamba anasemwa yeye? Inabidi upite nayo dirishani kwake mpaka aelewe.

Najua tulipoteleza wapi, na siwalaumu waliotutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mama zetu walipanga foleni kupata kanga, na mara nyingi foleni iliisha mikono mitupu kwa wasiojuana na mtu dukani. Biashara ilipolegezwa katikati ya muongo ule na marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa sokoni, nani angewaambia mama zetu wanunue kidogo? Kabati lililojaa lilikuwa ushahidi kwamba shida imepita. Sisi tumeirithi hofu yao ya kukosa bila kuwahi kusimama kwenye ile foleni, halafu tukaongeza simu, inayokumbuka gauni lako kuliko unavyolikumbuka mwenyewe.

Nitaambiwa mitumba ni rahisi, blauzi ya soko la Karume haimfilisi mtu. Sawa, lakini blauzi ishirini za bei rahisi si bei rahisi.

Hoja nzito ni ya mafundi: tukiacha kushona sare za harusi, watakula nini? Nilikuwa naiheshimu hoja hii mpaka nilipompelekea fundi wangu moja ya zile kumi na moja aipanue, maana na mimi sijabaki vilevile. Akaigeuza ndani nje, akacheka. "Dada, hapa hakuna pa kufungulia." Na aliishona yeye! Alinieleza bila haya kwamba wiki ya harusi anakuwa na sare ishirini mezani. Hana muda wa kuweka bitana wala kuacha kitambaa cha akiba kwenye mishono. Nguo ya usiku mmoja inashonwa ya usiku mmoja. Lakini gauni langu la kijani cha chupa, alilolishona taratibu mwezi ambao hakuna harusi, limesharudi kwake mara tatu: kupanuliwa, kubadilishwa zipu, kukatwa mikono. Mara zote nimemlipa.

Nimebaki na gauni hilo, sketi mbili, blauzi nne, suruali ya kazini, na doti za kanga ambazo haziguswi na mtu. Zile kumi na moja zinageuka foronya.

Jumapili kamati ya harusi ya mtoto wa binamu yangu ilitangaza sare kwenye kundi la WhatsApp: rangi ya pichi, kitambaa kimechaguliwa, pesa itumwe kabla ya Ijumaa. Nimetuma pesa hiyo yote, nikaandika iingizwe kwenye mchango wa chakula, mimi nitakuja na gauni la kijani. Mwenyekiti ameusoma ujumbe. Leo ni Jumatano, bado kimya.