Wana-Kilakala, Tuanze na Wenye Kuzidi

Ndugu zangu wa Kilakala, mvua ikipiga milima ya Uluguru, maji yanayoshuka kwenye mitaro yetu ni mekundu. Huo ni udongo wa shamba la mtu. Kikifika kiangazi, vijito hivyohivyo vinabaki mawe na chupa za plastiki, nasi tunapanga foleni za ndoo chini ya milima inayopata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi hii.

Kinachotumaliza ni kutojua pa kuishia. Mkulima wa juu anasogeza jembe hadi kwenye maji, maana mboga za ukingoni hustawi hata jua likiwaka. Wa chini ana mpira wa maji. Anaosha gari kila asubuhi, anamwagilia ukoka saa saba mchana, kisha anawalaumu wa juu kwa kuharibu vyanzo. Na maji haya hayaishii kwetu. Yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukiisubiri ije na askari, tutakuwa tumesahau ya Matombo, hukuhuku Uluguru. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Watu wakakataa, mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukafa. Leo wapo wakulima wa milimani wanaochimba matuta hayohayo bila kusukumwa, kwa kuwa wameona udongo unabaki.

Basi tupatane wenyewe kiasi kinachomtosha kila mmoja. Lakini tusianzie kwa mnyonge. Kumwambia mama mwenye robo eka aridhike, huku mwenye tanki la lita 5,000 hajaguswa, ni uonevu, na mimi sitaunga mkono. Mwenye gari aoshe kwa ndoo. Bustani imwagiliwe jioni, tena kwa maji yaliyokwisha kufulia nguo. Wa bondeni wachangie miche na nguvu za kuchimba matuta, ndipo tumwombe mkulima arudi nyuma kutoka ukingoni, naye asipoteze mlo wa watoto wake.

Mkutano wa mtaa wako ukitangazwa, nenda. Na mwenye mpira awe wa kwanza kusimama na kusema atapunguza nini.