Nani Alimwambia Mama Uso Wake Una Shida?



Leo sina maneno laini. Nivumilieni.

Jumapili tatu mfululizo nimemwona mama mmoja wa kanisa letu akikaa kiti cha nyuma kabisa, amevaa miwani ya jua ndani ya ibada. Ni mama wa maombi. Miaka mingi ndiye aliyesimama mlangoni kutupokea. Nilipomtembelea nyumbani akavua miwani, nikakosa la kusema. Kando na chini ya macho yote mawili ana madoa meusi, kama mtu aliyepigwa.

Alikuwa ameenda kuondolewa makunyanzi kwa leza. Zamu yake ya chama ilipofika, pesa za mabati akazipeleka kwa kliniki aliyoiona kwenye simu. Ameniruhusu niseme haya. Jina lake linabaki kwangu.

Nikamuuliza, "Mama, nani alikuambia uso wako una shida?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Pasta, mlipoanza kurusha ibada kwa Facebook, sisi wakubwa mlitutoa mlangoni mkaweka wasichana."

Wapendwa, chai ilinikwama kooni.

Kosa hili lina wenyewe. Leo nawataja.

WA KWANZA ni wanaouza leza kama wanauza mitumba. Wanakuonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada, na mara nyingi uso wenyewe ni wa Mzungu. Hawakuambii kazi inavyofanyika. Leza ya kaboni dayoksaidi ni mwanga unaonyonywa na maji yaliyo ndani ya ngozi, joto linachoma tabaka la juu, na ngozi inapopona inatengeneza kolajeni mpya. Ndiyo, mikunjo hupungua. Lakini ni jeraha la makusudi, tena mahali ambapo ngozi ni nyembamba kuliko kwingine mwilini. Na ngozi yetu nyeusi, ikiunguzwa, chembe zinazotengeneza rangi zinaweza kuamka na kumwaga rangi kupita kiasi. Hapo ndipo madoa hutoka, na yanaweza kukaa miezi mingi. Daktari anayejua kazi huchagua mashine na nguvu kulingana na ngozi yako, anaweza kujaribu sehemu ndogo kwanza, na hukinga mboni za macho kabla hajawasha chochote. Mama yetu hakujaribiwa popote. Alilipa, akalazwa, akachomwa.

Na hata ikifanywa vizuri, uzee hausimami. Utaendelea kucheka, jua litaendelea kuwaka.

WA PILI ni ninyi mliosikia habari hii mkaanza kunong'ona, "Yezebeli huyo." Acheni! Kweli Yezebeli alipaka macho yake, 2 Wafalme 9:30. Lakini hukumu yake ilitokana na damu ya Nabothi na ya manabii, haikutokana na wanja. Soma pia Ayubu 42:14. Ayubu aliporudishiwa baraka, binti yake wa tatu alimwita Keren-hapuki, na maana ya jina hilo ni pembe ya wanja. Mungu hachukii uzuri. Anachochukia ni kumkanyaga aliyeanguka.

WA TATU ni sisi wachungaji. Hapa najichapa mwenyewe. Bango la kongamano la mwaka jana, kijana wetu wa mitambo alinifuta makunyanzi yote ya macho. Nilionekana kama kaka wa mwanangu. Niliona, nikafurahi, nikanyamaza. Sasa nitasimamaje madhabahuni kumwambia mama ajikubali, na mimi nimejificha kwenye bango?

Tumehubiri kwamba utukufu lazima uonekane usoni. Tukaweka sura changa mbele ya kamera na magoti yaliyokomaa kwa maombi tukayasukuma nyuma. Mama hakudanganywa na kliniki peke yake. Kanisa lilimwandaa.

Yale makunyanzi yametoka wapi? Ni miaka ya kukunja macho juani akichuma majani chai ili watoto waende shule. Ni kucheka na wajukuu. Ni machozi ya kesha alipoombea wana wa watu, mimi nikiwemo. Mithali 16:31 inaziita mvi taji. Na Kumbukumbu la Torati 34:7, Musa anapokufa akiwa na miaka 120, Neno linasifu macho yake kwa kuwa bado yaliona vizuri. Ngozi iliyoyazunguka haikutajwa.

Basi tufanye hivi.

Mama, Jumapili hii unarudi mlangoni, na miwani au bila miwani. Nitasimama kando yako.

Mabango ya kanisa hili hayatafuta tena uso wa mtu, tukianza na wangu.

Wewe unayetaka matibabu, sikufungi. Mwone daktari wa ngozi aliyesajiliwa na KMPDC. Muulize ametibu ngozi nyeusi kama yako mara ngapi, atakinga macho yako vipi, na madoa yakitokea atafanya nini. Akikasirika kwa maswali, chukua mkoba wako uende. Na usiguse karo wala mkopo kwa ajili ya mikunjo.

Wewe uliyeungua tayari, usijifiche na usipake krimu za barabarani. Rudi kwa daktari wa kweli. Na uje kanisani.

Tuombe: Baba, tusamehe tulipopima watu wako kwa macho ya kamera. Ponya ngozi ya mama huyu, ponya na moyo wake. Tufundishe kuheshimu nyuso zilizotuombea. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mama aliyekuombea hadi uso wake ukazeeka, mpigie simu leo kabla ya kulala. Kisha andika AMINA.